Kioo Kilichonasa Chumvi

Katika labo yetu, maabara ya kiwanda cha shaba cha Likasi, mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee asiyeshika ufagio. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, bluzi nyeupe ya labo iliyonizidi mabega, na cheti cha masista waliokuwa wamenifundisha kemia kwa ukali uleule waliotufundishia katekisimu. Kampuni ikaniajiri kutazama moto. Nilipomweleza mama hivyo, aliuliza kama hakuna kazi ya moto nyumbani.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa gesi, wa buluu, ndani ya mashine yenye ukubwa wa kasha la cherehani. Mrija mwembamba ulifyonza maji kutoka kwenye kikombe na kuyarusha motoni kama mvuke. Maji yakiwa safi, mwali ulibaki buluu. Yakiwa na chumvi hata kidogo, uligeuka njano. Lakini jicho la mtu hudanganyika, hasa likiwa limelala vibaya, kwa hiyo kati ya mwali na kipimo kulikuwa na kioo.

Kioo hicho ndicho kilichonifanya niipende kazi ile. Kilikuwa kirefu na chembamba kama rula ya shule. Ukikishika dirishani, upande mmoja kilikuwa zambarau, upande wa pili chekundu, na katikati rangi zote zimepangana bila kusukumana. Ndani ya mashine kilikaa nyuma ya upenyo mwembamba kama ukucha. Ukizungusha butoni, kioo kilisogea taratibu, na rangi iliyofika kwenye upenyo ndiyo pekee iliyopita. Zilizobaki zilizuiwa, kama wafanyakazi waliosahau kadi zao kwenye geti la kiwanda. Rangi iliyopita iligonga kipimo, na mshale ukapanda kadiri ya wingi wake.

Sisi tulitafuta chumvi, kwa hiyo butoni ilikaa kwenye njano, mahali ambapo shefu wa labo alikuwa amekwaruza alama kwa msumari. Kila baada ya saa mbili nilipima maji yaliyotoka kwenye mitambo ya mvuke. Chumvi ikiingia humo, inatafuna mabomba. Mabomba yakitoboka, mvuke unasimama. Mvuke ukisimama, asidi inasimama. Asidi ikisimama, shaba inasimama. Na shaba ikisimama, walituambia kila Jumatatu mbele ya bendera, nchi nzima inasimama. Basi nchi nzima ilikuwa juu ya mshale wangu, nami nilipandishwa cheo mara moja tu katika miaka sita.

Shefu alikuwa mtu mwema, msafi, mwenye mwandiko wa kupendeza. Udhaifu wake ulikuwa ripoti. Kwake yeye, jambo lisiloandikwa halikutokea, na jambo lililoandikwa vibaya lilitokea vibaya. Alipenda Kifaransa kirefu kama wengine wanavyopenda bia.

Jumatatu moja mshale uliruka bila sababu. Nilitafuta, nikaona kosa ni langu: nilikuwa nimefuta kikombe kwa kitambaa nilichojifutia jasho. Nikakisuuza, mshale ukatulia. Nilimwambia shefu, akacheka, kisha akaketi kuandika. Aliandika kwamba mashine ilikuwa imevurugwa kwa muda na mkono wa mtu. Akatusomea sentensi hiyo mara mbili, akituwekea na tafsiri, kwa jinsi alivyoipenda.

Aliyeshtuka alikuwa papa wa vyombo. Ndivyo tulivyomwita mzee aliyeosha chupa na vikombe vya labo tangu wakati wa Wabelgiji. Hakuwa na cheti chochote, na alijua kila kitu.

"Shefu," alisema, "ile neno ya mukono, toa."

"Juu ya nini? Ni neno nzuri."

"Mukono iko na mwenyewe. Batakuja kumutafuta."

Shefu hakuitoa. Ripoti ilipanda ngazi, ikapita ofisi moja na nyingine, na wiki mbili baadaye mwenye kumtafuta mwenye mkono akaingia mlangoni.

Alikuwa amevaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, miwani nyeusi, na mkoba ambao sikuwahi kuona ukifunguliwa kwa sababu ya karatasi. Miaka ile hakukuwa na bwana wala bibi. Kila mtu alikuwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi. Alitusalimu hivyo mmoja mmoja, akasema ametumwa na Direksheni pamoja na Chama kuchunguza sabotaji, yaani hujuma. Alipolitamka neno hilo, papa wa vyombo alifunga bomba la maji ili lisikike vizuri. Hatukujua ofisi yake iko wapi, na hakuna aliyeuliza. Aliomba kiti, akakiweka kando ya mashine yangu, hatua moja kutoka kwenye mwali, akaketi.

Siku ileile mshale uliruka.

"Imeruka," alisema, akaandika.

Nilipima tena, ukaruka. Nilisuuza kikombe mara tatu, nikabadilisha mrija, nikaweka maji mapya yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Ukatulia kidogo, ukaruka. Kufika mchana fundi wa mitambo ya mvuke alikuwa amekuja mbio, ovaroli imelowa, akilia kwamba tumemfanya amwage maji ya mtambo mzima na hakuna kitu ndani yake.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Mgeni wetu aliniuliza maswali kwa sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko kelele. Nilikuwa na ndugu nje ya nchi? Nilikuwa na shangazi Kitwe, upande wa pili wa mpaka. Shangazi alikuwa anafanya nini? Anauza mandazi. Aliandika mandazi. Kisha alimwita papa wa vyombo, akamuuliza alikuwa akiwaoshea nini Wabelgiji.

"Bikombe," alisema papa.

"Na sasa?"

"Bikombe bilebile, citoyen."

Usiku sikulala vizuri. Katika miaka ile mtu aliweza kuitwa kwa swali moja akarudi baada ya mvua mbili. Asubuhi ya nne niliingia kazini nimesali rozari nzima njiani, na nikaamua kwamba kama nitafungwa, angalau nijue kwa nini.

Nilianza na butoni. Niliwaza: kama tatizo ni gesi mbaya au masizi, basi mwali unaongezeka mwanga wa kila rangi, na mshale utaruka popote nitakapokiweka kioo. Nikakisogeza kutoka njano kwenda nyekundu. Mshale kimya. Nikakipeleka kijani. Kimya. Nikakirudisha njano kwenye alama ya shefu, ukaruka kama mbuzi. Kwa hiyo ilikuwa chumvi, chumvi ya kweli kabisa. Lakini kikombe kilikuwa na maji safi. Nikachomoa mrija, nikaacha mwali peke yake bila maji yoyote. Bado mshale ukaruka! Chumvi ilikuwa inatoka hewani.

Ndipo nilipogeuza macho na kumtazama mgeni.

Alikuwa na karanga. Karanga zile za sokoni zinazolowekwa maji ya chumvi kabla ya kukaangwa, ndani ya karatasi iliyokunjwa kama koni. Alizitoa mfukoni moja moja, akazisugua kati ya vidole mpaka maganda yatoke, kisha akapuliza maganda. Na kwa sababu alikuwa mtu mstaarabu, hakuyapulizia sakafuni wala kwangu. Aliyapulizia kwenye mashine.

Alipuliza, mshale ukaruka. Alitafuna, ukatulia. Alipuliza, ukaruka. "Imeruka," alisema, akaandika, akatoa nyingine.

Nilimsogelea papa wa vyombo kwenye karo.

"Umeona?"

"Niliona tangu jana."

"Mbona hukusema?"

"Minye naosha bikombe."

"Utamwambia sasa?"

Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuona serikali tatu. "Weye njo uko na cheti," alisema.

Tulimwendea shefu ofisini kwake. Alitusikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha mkono wake ukaanza kutafuta kalamu wenyewe.

"Nitaandika kidogo..."

"Apana, shefu!" tulisema wote wawili kwa pamoja.

Tukaamua kumshawishi mgeni kwa chakula kingine. Siku iliyofuata papa alimletea ndizi mbivu, kichane kizima kutoka shamba la mkewe. Mgeni alishukuru sana, akazitia mkobani, akatoa karanga. Shefu akajaribu biskuti. Nazo zikaingia mkobani. Nilielewa kwamba mkoba ule ulikuwa na familia nyumbani, na kwamba karanga ndizo alizojinunulia mwenyewe.

Jambo lililotuokoa lilikuja kwa mlango wa hatari. Asubuhi moja aliinama kutazama ndani ya mashine, akaniuliza:

"Citoyenne, hii kioo inaacha rangi gani ipite?"

"Njano tu, citoyen."

"Na kijani?"

"Kijani inakataa."

Kalamu ikatoka. Nikasikia nyuma yangu papa akiweka kikombe chini polepole sana.

"Citoyenne, bendera yetu iko ya rangi gani?"

Bendera yetu ilikuwa kijani. Kijani yote, na duara la njano katikati, lakini hakuuliza duara. Sijui ni mtakatifu yupi aliyenishika mkono, ila niliuona mkono huo ukienda kwenye butoni.

"Inapita, citoyen! Ni kuiomba tu. Angalia."

Nilizungusha mpaka kioo kikafika kijani. Nikachukua kikombe cha maji ya shaba. Na Likasi utakosa nini, shaba? Mrija ukafyonza, na mwali wote ukawaka kijani, kijani ya kupendeza kabisa, na mshale ukapanda kwa heshima na kusimama.

Alivua miwani yake nyeusi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake, na yalikuwa macho ya mtu mdogo kuliko nilivyodhani, labda ananizidi miaka mitano.

"Fanya tena," alisema.

Nikafanya tena.

"Naweza?"

Alishika butoni kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kifaranga. Akapeleka kioo kwenye buluu, mshale ukashuka. Akarudisha, ukapanda. Aliniuliza kwa nini shaba iwe kijani na si rangi nyingine, nikamweleza nilivyoelezwa na masista, kwamba kila metali ikipata moto inatoa rangi zake yenyewe na haiazimi za jirani. Alisikiliza mdomo wazi. Akaniambia kwamba alifika mwaka wa nne wa sekondari, fizikia ilikuwa somo lake, kisha baba yake akafa na mjomba akamtafutia kazi kwenye Chama. Alisema hayo haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa zamani.

Nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema tena.

"Citoyen, tutafute ule mkono pamoja. Wewe zungusha, mimi nitaweka maji."

Alifurahi. Alirudisha kioo kwenye njano mwenyewe. Niliweka maji yaliyotoneshwa. Mshale ulilala.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa fanya kazi yako kama kila siku."

Akatoa karanga. Akasugua. Akapuliza.

Mshale ukaruka mpaka mwisho.

Akautazama. Akatazama karanga. Sitasahau jinsi alivyofanya baada ya hapo, kwa sababu mtu mwingine angenipiga kofi. Alisogeza kioo kwenye nyekundu, akasugua vidole vyake vitupu karibu na mwali. Kimya. Akasogeza kijani, akasugua. Kimya. Akarudi njano, akasugua, mshale ukaruka, na mwali wenyewe ukawaka njano mbele ya macho yetu sote. Alikuwa amefanya jaribio langu lote bila kuambiwa, tena kwa mpangilio mzuri kuliko wangu.

Shefu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Mukono tumeipata," alisema mgeni hatimaye, akifunga koni yake ya karatasi taratibu. "Ni chumvi."

"Ni chumvi, citoyen," tulisema sote.

Tangu siku ile alikula karanga zake nje, kwenye ngazi, akanawa mikono kabla ya kuingia. Mshale ulitulia, fundi wa mvuke akaacha kulia. Ingeishia hapo. Lakini naye pia alikuwa na ripoti ya kuandika, na asingeweza kuandika kwamba sabotaji ni yeye. Aliandika kwamba adui aliyekuwa akivuruga mitambo ametambuliwa, ni chumvi, na kwamba anaingia kiwandani kwa njia nyingi zisizojulikana.

Direksheni ilisoma na kuchukua hatua. Ilitoka karatasi yenye mihuri miwili: kuanzia sasa, ni marufuku chumvi ya aina yoyote kuvuka geti la kiwanda.

Walinzi waliitekeleza kwa moyo wote. Walifungua masufuria ya watu, wakaonja. Sombe, yaani kisamvu, yenye chumvi ilirudishwa nyumbani. Makayabu, yale masamaki makavu ya chumvi, yalitaifishwa, na baada ya siku tatu kibanda cha walinzi kilikuwa kikinuka samaki wa kukaanga toka asubuhi. Kantini ilipika maharage bila chumvi, mboga bila chumvi, na bukari, ugali wetu usiotiwa chumvi, ikaonekana tamu kuliko vyote. Wanaume waliokuwa wakinisalimia waliacha. Kwenye foleni ya maji mama mmoja alisimama mbele yangu na ndoo yake.

"Weye njo mutoto ulifungia batu munyu?"

"Si mimi, mama. Ni karatasi."

"Karatasi haina kinywa. Nani aliiambia?"

Nilichota maji nikaenda zangu. Hata mama yangu mzazi aliniwekea sahani yangu bila chumvi Jumapili ile, akasema anataka kuona kama naipenda.

Ilidumu karibu mwezi. Kisha ikafika sikukuu moja ya taifa, na direkta mkuu akaja kula pamoja na wafanyakazi kantini, kama ilivyotakiwa afanye mara moja kwa mwaka. Ukumbi ulijaa, tuliimba, tulipiga makofi, tukaketi. Yeye alipakuliwa wa kwanza. Alichukua kijiko cha maharage, akakitia mdomoni, akaacha kutafuna. Alikuwa na adabu, hakutema. Alimeza kama mtu anayemeza kidonge.

"Nani alipika?" aliuliza.

Mpishi alitokea jikoni, mama mnene asiyeogopa mtu, mikono imejaa unga.

"Ni minye, citoyen direkta."

"Umesahau chumvi."

"Sikusahau. Ni karatasi inakataza."

"Karatasi gani hiyo ya ujinga?"

Mama akarudi jikoni, akaibandua ukutani, akaileta. Ilikuwa na madoa ya mafuta na alama ya kidole gumba. Direkta aliisoma. Alifika chini, kwenye sahihi. Akairudia toka juu, polepole, kama mtu anayetumaini mwisho utabadilika. Ukumbi mzima ulikuwa umeshika vijiko hewani.

"Kalamu," alisema.

Alipopewa, alikata mstari mmoja mrefu kutoka pembe hadi pembe, akaandika jina lake tena. Kisha akasema kwamba ni huzuni hakuna chumvi hapa sasa hivi, maharage yenyewe yameiva vizuri.

Hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha peke yangu. Chumvi ilianza kutoka. Ilitoka kwenye mifuko ya shati, kwenye soksi, ndani ya vitambaa vya vichwa, kwenye viberiti, kwenye kofia ngumu za kazi. Mhasibu aliitoa ndani ya kifuniko cha kalamu. Shefu wangu, yule msafi, alifungua bahasha ya ofisi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, akanyunyiza. Meza ya walinzi ndiyo iliyokuwa na nyingi kuliko zote. Direkta alipelekewa vifurushi vitano kwa mara moja, akachagua kimoja bila kuuliza kimepitaje.

Mgeni wetu aliitwa kwingine muda mfupi baadaye. Alikuja labo kuaga, bila mkoba. Aliniomba kitu kimoja: kukipitisha kioo chote, toka zambarau mpaka nyekundu, na nimwekee kila nilichonacho motoni ili akisie mshale utapanda wapi. Shaba alipatia. Chumvi alipatia, bila kucheka. Nikamwekea chokaa ya machimbo ya Kakontwe iliyoyeyushwa kwa asidi kidogo. Alisema nyekundu. Mshale ukapanda mara ya kwanza kwenye kijani, ukashuka, ukapanda tena kabla hajafika nyekundu, kwenye rangi ya machungwa.

"Mara mbili? Moja iko ya bongo, inadanganya," alisema.

"Zote za kweli, citoyen. Chokaa ndivyo ilivyo."

Alibishana na mshale karibu robo saa, akienda na kurudi, akikaza macho. Hatimaye akakubali, akachukua kipande cha karatasi na kuandika namba zote mbili za butoni, akakikunja ndani ya mfuko wa kifuani. Alimpa shefu mkono, akanipa mimi. Kwa papa wa vyombo alisimama zaidi.

"Papa, ile maswali yangu..."

"Akuna neno, mutoto wangu," alisema papa, akakausha mkono wake kwanza ndipo akaupokea wa mgeni.

Sikumwona tena. Mtu mmoja aliniambia alipanda sana, mpaka Kinshasa. Mwingine aliapa kwamba alimkuta huko Kakanda, anafundisha fizikia katika shule yenye vioo vya dirisha viwili tu, na wanafunzi wake wanamwogopa kwa sababu anawafanya wakisie jibu kabla ya kupima. Niliwauliza wote wawili kama alikuwa bado na miwani nyeusi. Wa kwanza alisema ndiyo. Wa pili alisema hakumbuki.